Wendo Kolosoy: muzee aliyerudi jukwaani akiwa amepita miaka 70

Tarehe 14 mwezi wa 12 mwaka 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa watu wote wa dunia. Ombi lilikuwa la nchi mbili pamoja, Kongo ya Kinshasa na Kongo ya Brazzaville. Siku ile majina yaliyotajwa sana ni yale ambayo kila mutu wa Bukavu anajua, kwa sababu anayasikia kila siku ya Mungu kwenye manganda na kwenye maharusi: Franco, Tabu Ley, Papa Wemba. Lakini mbele ya hao wote kulikuwa mutu mumoja, na wazee mpaka leo wakitaka kusema jambo ni la zamani sana, wanasema ni la wakati wa Wendo. Kwa Kilingala wanaita tango ya ba Wendo.

Antoine Wendo Kolosoy alikufa Kinshasa tarehe 28 mwezi wa 7 mwaka 2008, akiwa na miaka 83. Maisha yake yanaleta swali ambalo watu wanabishania bado: mwimbaji akizeeka, sauti ikipungua, mwili ukichoka, aendelee kupanda jukwaani? Na sisi wenye kumuangalia, tumupe heshima ama tumuhurumie tu?

Alizaliwa tarehe 25 mwezi wa 4 mwaka 1925, katika eneo la Mushie, ambalo leo liko katika jimbo la Mai-Ndombe. Mama yake alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kwao. Wazazi wote wawili walikufa angali mutoto, akabaki yatima, akalelewa na wamisionari. Gitari alianza kuigusa akiwa bado mudogo.

Alipokuwa kijana, alitafuta kazi kwenye maboti ya muto Kongo, akawa fundi wa mashini. Njia ya maboti hayo ilitoka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ikapanda mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani. Ni kilometa karibu 1.700 za maji. Mutu wa mashariki anaelewa vizuri maana ya safari kama hiyo, siku nyingi ndani ya boti, watu wa kila kabila wamelala pamoja na mizigo yao, na kila bandari iko na luga yake na nyimbo zake. Wendo alikuwa anapiga gitari mule mule ndani ya boti, na akishuka anapiga kwenye bandari. Njo maana jina lake lilifika mbali kabla redio haijaingia katika nyumba nyingi. Alijaribu pia mchezo wa ngumi, na watu walimujua kama mwanamasumbwi. Lile jina la Wendo, inasemwa lilitoka kwa mutawala wa Uingereza, Duke wa Windsor. Walianza kumuita Wendo Sor, kisha likabaki Wendo.

Katika miaka ya 1940 aliunda kikundi chake, Victoria Bakolo Miziki. Mwaka 1948 Mugiriki mumoja, Nico Jeronimidis, alifungua studio Léopoldville, akaiita Ngoma. Mwaka ule ule Wendo aliingia mule pamoja na mupiga gitari Henri Bowane, wakarekodi wimbo Marie-Louise. Wimbo ule ulivuka mipaka ya Kongo ukaenda katika nchi nyingi za Afrika. Ndani yake kuna gitari ya Bowane yenye kukimbia, na sauti ya Wendo inayopanda juu gafla na kushuka, kama mutu anayeita mwenzake toka kilima kimoja mpaka kingine.

Nguvu ya wimbo ule ilileta na masumbuko. Uvumi ulitembea katika muji kwamba mutu akiupiga saa sita ya usiku, wafu wanafufuka. Leo jambo hilo linachekesha, lakini wakati ule lilichukuliwa kwa uzito. Mapadri walikasirika, na Wendo alipata matatizo na viongozi wa Kanisa na wa utawala, mpaka akalazimika kuwa mbali na muji mukubwa kwa muda.

Katika miaka ya 1950 aliimba na Léon Bukasa na Manuel d'Oliveira. Watu waliwaita Trio BOW, kwa herufi za kwanza za majina yao. Lakini muziki ulikuwa unabadilika haraka. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953. OK Jazz ikafuata mwaka 1956, na kijana Franco ndani yake. Gitari za umeme ziliingia, na matarumbeta, na orkestra kubwa zilizovaa vizuri. Wendo hakuwa hata na miaka 35, na tayari watu walianza kumuona mutu wa jana.

Kisha ikaja siasa. Wendo alikuwa rafiki ya Patrice Lumumba, mutu ambaye jina lake liko mpaka leo kwenye barabara kubwa ya hapa Bukavu. Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961, kule Katanga. Mwaka 1965 Mobutu alichukua utawala. Katika miaka iliyofuata, wanasiasa walitaka wanamuziki wawaimbie sifa, na wengi waliimba, wengine kwa kupenda, wengine kwa woga, wengine kwa kutafuta chakula. Hata Franco, ambaye alifungwa na serikali hiyo, alitoa wimbo wa kampeni ya Mobutu mwaka 1984. Wendo alichagua njia ingine. Alinyamaza. Hakutaka sauti yake iwe chombo cha mukubwa yeyote, na kwa karibu miaka 30 aliacha kazi ya muziki.

Ni vizuri kufikiri kidogo juu ya miaka hiyo 30. Mwimbaji akinyamaza toka miaka 40 mpaka miaka 70, anapoteza ile sehemu ya maisha ambamo mutu wa kazi yake anakusanya mali. Diski za zamani hazikumulisha. Katika studio za miaka ya 1940 na 1950, wanamuziki wengi walilipwa mara moja tu kwa wimbo, kisha mwenye studio anauza anavyotaka. Wimbo uliweza kuchezwa toka Dakar mpaka Nairobi na mwenye kuuimba akabaki na gitari yake tu. Hakukuwa pensheni ya kumungojea, wala nyumba ya serikali.

Alirudi katika miaka ya 1990. Mobutu alipoanguka mwaka 1997, na Laurent-Désiré Kabila akaingia Kinshasa, utawala mupya ulimusaidia muzee. Alikusanya wazee wenzake wa Victoria Bakolo Miziki, wale waliokuwa bado wazima, wakaanza kufanya mazoezi tena. Alikuwa na miaka 72. Walirekodi, wakafanya safari katika Afrika na Ulaya. Albamu yenye jina Amba ilitoka, na nyuma yake Banaya Papa Wendo katika mwaka 2007. Jacques Sarasin alitengeneza filamu juu yake, On the Rumba River, na watu wengi wasiojua kitu juu ya Kongo walimuona mule kwa mara ya kwanza.

Wakati ulikuwa muzuri kwa wazee. Katika mwaka ule wa 1997, diski ya Buena Vista Social Club ilitoka na wazee wa Cuba, na dunia nzima ilishangaa. Compay Segundo alikuwa amezaliwa mwaka 1907. Ibrahim Ferrer alikuwa amefika kusafisha viatu vya watu ili aishi. Kwa Wakongo kulikuwa pia Kékélé, kikundi cha waimbaji na wapiga gitari wa zamani kilichoanza mwaka 2000, kurudisha rumba yenye gitari za mbao.

Hapa njo swali linakuja. Mutu akisikiliza Marie-Louise ya 1948, halafu asikilize Wendo wa uzee, tofauti haifichiki. Ile sauti ya kupanda na kushuka kama ndege haitoki tena kwa urahisi. Imekuwa nzito, inakwaruza, pengine inafika ikiwa imechelewa. Kijana aliyezoea ndombolo anaweza kusema muzee apumzike, diski ya zamani inatosha. Na kuna watu wenye kusema kwamba kumuweka muzee mbele ya watu vile ni kumuaibisha, na kwamba wenye kupiga makofi wanapigia kumbukumbu yao wenyewe, hawapigii muziki.

Hoja hiyo iko na uzito, na si kwa Wakongo tu. Mwaka 2024 Rolling Stones walizunguka Marekani, Mick Jagger akiwa na miaka 80, na waliodamini safari ile ilikuwa AARP, shirika la watu wazee. Wengi walicheka. Wengine walisema mutu anayekimbia jukwaani saa mbili akiwa na umri ule anastahili kofia kuvuliwa. Kwa upande wa Waswahili kulikuwa Bi Kidude wa Zanzibar, aliyeimba na kupiga ngoma akiwa kikongwe mpaka karibu na kifo chake mwaka 2013. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 2016, akiwa na miaka 66, akafa.

Lakini habari ya Wendo haifanani kabisa na ya Jagger. Jagger angeweza kubaki nyumbani na asikose kitu. Wendo aliporudi, alikuwa anatafuta pia mukate. Na hata hivyo, alipokaa mbele ya maikro, hakujifanya kijana. Hakuchukua mashini za kisasa za kuficha sauti. Alileta rumba kama ilivyokuwa, polepole, gitari za mbao, wazee wanaosikilizana. Kile ambacho diski ya 1948 haiwezi kutoa ni mutu mwenyewe akiimba kwa sauti ile imepita ndani ya miaka 30 ya kunyamaza. Aliyemuona jukwaani alimuona mutu aliyekataa kununuliwa, na sauti iliyokwaruza ilikuwa sehemu ya bei aliyolipa.

Kwa hiyo heshima alistahili, tena sana. Ila heshima ya makofi peke yake ni ndogo. Serikali iliyomusaidia mwaka 1997 ilifanya vizuri, lakini muzee hapaswi kungojea utawala ubadilike ndipo apate kula. Kongo iko na sheria ya haki za waandishi na wasanii toka mwaka 1986. Iko na shirika la kukusanya haki hizo, zamani SONECA, kutoka 2011 SOCODA. Hata hivyo, nganda inapiga rumba toka asubuhi mpaka usiku, harusi inakodi vifaa vya sauti, basi la taksi linaweka ufunguo wa muziki kutoka Ibanda mpaka Kadutu, na wachache sana wanafikiri kwamba mwenye wimbo, ama watoto wake, wanadai kitu.

Mapiga gitari wa zamani wako katika kila muji wa mashariki, Bukavu, Goma, Uvira, Kindu, Kisangani. Ni wale waliofurahisha watu katika miaka ya 1970 na 1980, walipigia maharusi ya wazazi wa vijana wa leo, na wengi walilipwa kwa chupa za pombe na sahani ya nyama. Wakialikwa leo, mara nyingi ni kwa ajili ya kufungua sherehe, dakika kumi, mbele ya vijana wenye kulipwa vizuri. Kisha wanapewa pesa ya taksi na shukrani.

Muzee akisema amechoka, aachwe apumzike. Akisema anataka kuimba, apewe saa yake, maikro yenye kusikika vizuri, na malipo yanayofanana na ya wengine. Watoto waletwe wamuone na wamuulize maswali angali muzima, kwa sababu wengi wa wazee hao nyimbo zao hazikurekodiwa popote. Ziko ndani ya vichwa vyao tu.

Wendo alipata miaka karibu kumi ya mwisho ya kusikilizwa. Alizikwa na heshima, na miaka 13 baada ya kifo chake rumba yake ikawa urithi wa dunia. Hakuwepo kuona siku hiyo.