August Bier: Mpasuaji Aliyeyazuia Maumivu Njiani

Askari huyategemea magoti yake katika gwaride, katika doria na katika safari ndefu za miguu. Goti linapoumia hata likahitaji kupasuliwa, maumivu yanayofuata baada ya kisu huwa makali mno. Siku hizi daktari aweza kumchoma mgonjwa sindano ya ganzi karibu na mshipa wa fahamu pajani, akayazuia maumivu hayo yasifike kwenye ubongo, huku mgonjwa akiwa macho na mwenye akili timamu. Maarifa haya yametokana na jitihada za watu wengi. Leo twawasimulia wasomaji wetu maisha ya mmoja wao, August Bier wa Ujerumani.

Bier alizaliwa tarehe 24 Novemba, 1861, mahali paitwapo Helsen. Alisomea udaktari katika miji ya Berlin, Leipzig na Kiel, na huko Kiel akawa msaidizi wa Friedrich von Esmarch, mpasuaji mashuhuri wa majeruhi wa vita, aliyebuni mpira wa kukaza mkono au mguu ili damu isipotee wakati wa upasuaji.

Zama hizo wagonjwa walivutishwa klorofomu au etha mpaka wakalala usingizi mzito. Dawa hizo ziliwaokoa wengi na mateso, lakini wengine walitapika sana, na wengine hawakuamka tena. Mwaka 1884 Carl Koller alidhihirisha huko Vienna kwamba kokeini hulitia jicho ganzi. Muda mfupi baadaye William Halsted wa Marekani akaanza kuichoma karibu na mishipa ya fahamu, ikafaulu. Lakini kwa kuijaribu mwilini mwake, Halsted akawa mtumwa wa dawa hiyo.

Tarehe 16 Agosti, 1898, Bier alipokea kibarua mmoja mwenye kifua kikuu katika kifundo cha mguu, ambaye upasuaji wake wa awali kwa dawa za usingizi ulikuwa umemdhuru vibaya. Bier alimchoma kokeini kidogo katika maji yaliyouzunguka uti wa mgongo. Miguu ikafa ganzi, akapasuliwa bila ya kusikia uchungu. Bier akawatibu wengine vivyo hivyo, lakini baadhi yao waliumwa sana na kichwa na kutapika. Akaona si haki kuendelea pasipo kuyajua mwenyewe mambo yanayowapata wagonjwa.

Basi tarehe 24 Agosti msaidizi wake, August Hildebrandt, akamchoma yeye. Kwa bahati mbaya bomba halikulingana na sindano, dawa ikamwagika, na maji mengi ya uti wa mgongo yakatoka. Hildebrandt akajitolea kuchomwa badala yake, na safari hii jambo likafanikiwa. Bier alimdunga sindano pajani, akamchoma kwa sigara iwakayo, akampiga kwa nyundo ya chuma kwenye muundi wa mguu. Kijana hakusikia maumivu. Baada ya dakika zipatazo 45 fahamu zikaanza kurudi. Jioni wakasherehekea kwa mvinyo na sigara. Siku zilizofuata Bier aliumwa na kichwa kila alipoinuka, hali iliyodumu siku tisa. Na Hildebrandt, pamoja na kichwa na kutapika, alijiona ana michubuko ya yale mapigo asiyoyasikia.

Mwaka 1907 Bier alipewa cheo cha profesa wa upasuaji mjini Berlin. Mwaka 1908 alitangaza njia nyingine: kukikaza kiungo kwa mipira, kisha kuingiza dawa ya prokaini katika mshipa wa damu. Njia hiyo, yenye jina lake hata leo, hutumika zaidi mkononi.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Bier aliona jinsi vipande vidogo vya mizinga vilivyotoboa vichwa vya askari waliovaa kofia za ngozi. Akashirikiana na mhandisi Friedrich Schwerd kutetea kofia ya chuma, ambayo majeshi ya Ujerumani yalianza kuivaa kwa wingi huko Verdun mwaka 1916.

Alistaafu mwaka 1932. Hatuna budi kutaja pia kwamba mwaka 1937 alipokea tuzo kubwa ya serikali ya Hitler. Uzeeni alishughulika na msitu alioupanda huko Sauen, na huko ndiko alikofariki tarehe 12 Machi, 1949, akiwa na umri wa miaka 87.

Askari huzoea kuvumilia, na wako wanaoona aibu kuomba dawa ya maumivu. Lakini goti lililopasuliwa lisipokunjwa na kunyooshwa mapema hukakamaa, na mwenye maumivu makali hawezi kulikunja. Kuyatuliza, basi, ni sehemu ya tiba, wala si udhaifu. Hata hivyo, michubuko ya Hildebrandt yatufundisha jambo la pili: mguu usiouma si mguu uliopona. Sindano ya pajani yaweza pia kuulegeza msuli unaolishikilia goti, na mgonjwa akasimama akidhani ana nguvu, kumbe anaanguka. Kwa hiyo aliyetiwa ganzi asishuke kitandani peke yake. Amwite muuguzi kwanza, hata kama cheo chake ni kikubwa.