Paul Langerhans: mwanafunzi wa Berlin aliyeviona visiwa vya kongosho

Kila mwaka maelfu ya watoto duniani hugundulika kuwa na kisukari aina ya kwanza, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuziangamiza seli zinazotengeneza insulini. Seli hizo hukaa katika vikundi vidogo ndani ya kongosho, na vikundi hivyo hujulikana katika vitabu vyote vya tiba kama visiwa vya Langerhans. Mwenye jina hilo alikuwa daktari Mjerumani aliyeviona kwa hadubini akiwa na umri wa miaka 21, akafariki dunia kabla ya mtu yeyote kujua kazi yake.

Paul Langerhans alizaliwa mjini Berlin tarehe 25 Julai, 1847. Baba yake alikuwa daktari na mwanasiasa aliyeheshimika mjini humo. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Paul akiwa bado mtoto mdogo, na ugonjwa huo huo ndio uliokuja kubadili mwelekeo wa maisha yake miaka mingi baadaye. Alisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Jena, kisha akarejea Berlin, ambako alifanya kazi katika taasisi ya Rudolf Virchow, mwanasayansi aliyewafundisha madaktari wa zama zake kuutafuta ugonjwa ndani ya seli.

Mwaka 1868, akiwa bado mwanafunzi, Langerhans aliipaka ngozi ya binadamu dawa yenye dhahabu, akaona seli zenye matawi mithili ya mti. Alidhani ni sehemu ya mishipa ya fahamu. Zaidi ya miaka 100 ilipita kabla ya kuthibitika kuwa ni seli za kinga, walinzi wanaovinasa vimelea vinavyopenya ngozi na kupeleka habari zake kwa askari wengine wa mwili. Nazo huitwa seli za Langerhans hadi leo.

Februari 1869 aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari kuhusu umbile la kongosho. Akitumia zaidi kongosho la sungura, alieleza aina tisa za seli. Miongoni mwake zilikuwamo seli ndogo, angavu, zenye pembe, zilizokusanyika katika vikundi vilivyotawanyika kati ya seli zinazotoa majimaji ya kumeng'enya chakula. Hakuwa na maelezo ya kazi ya vikundi hivyo, na katika tasnifu yake alikiri wazi kwamba hawezi kuieleza. Hakuongeza dhana juu ya alichokiona.

Baada ya masomo alisafiri kwenda Misri, Shamu na Palestina pamoja na mtaalamu wa jiografia Richard Kiepert, na safarini alichunguza wagonjwa wa ukoma. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870 alihudumu katika kikosi cha kubeba na kutibu majeruhi. Kisha alikwenda Freiburg kufundisha na kuchunguza maradhi kwa kupasua maiti, na kabla ya kutimiza miaka 30 alikuwa amepata uprofesa.

Hapo ndipo kifua kikuu kilipompata, mwaka 1874. Wakati huo hakukuwa na dawa ya kukiponya. Tumaini la mgonjwa lilikuwa hewa safi na mapumziko. Langerhans alihangaika kutafuta nafuu nchini Italia na Uswisi bila mafanikio. Mwaka 1875 alivuka bahari hadi Funchal, katika kisiwa cha Madeira kilicho chini ya Ureno, na alilazimika kuuachia uprofesa wake.

Hali ya hewa ya Madeira ilimpa nafuu kwa miaka kadhaa. Alifungua huduma ya tiba, akawahudumia zaidi wagonjwa wa kifua kikuu waliofika kisiwani kwa matumaini kama yake, na akaandika kuhusu ugonjwa huo. Nguvu zilizobaki alizitumia kuchunguza minyoo wa baharini, na jamii mojawapo aliipa jina la mwalimu wake Virchow. Mwaka 1885 alimwoa Margarethe Ebart, mjane wa mmoja wa wagonjwa wake. Ndoa hiyo haikudumu, kwani figo zake zilianza kushindwa kufanya kazi. Alifariki tarehe 20 Julai, 1888, zikiwa zimesalia siku tano atimize miaka 41, na akazikwa Funchal.

Mwaka mmoja tu baadaye, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimtoa mbwa kongosho na kugundua kwamba ameugua kisukari. Mwaka 1893 Mfaransa Gustave-Édouard Laguesse alipendekeza kwamba vile vikundi vya seli ndivyo vinavyotoa kitu kinachodhibiti sukari, naye ndiye aliyeviita visiwa vya Langerhans. Insulini ilipatikana Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo katika mji huo. Kabla ya hapo mtoto aliyepata kisukari cha aina hii alikuwa na miezi, au miaka michache tu, ya kuishi.

Insulini iliokoa maisha, lakini haikujibu swali la kwa nini visiwa hivyo hufa. Mwaka 1965 Willy Gepts wa Ubelgiji alichunguza makongosho ya vijana waliofariki muda mfupi baada ya kuugua, akakuta katika mengi yao visiwa vimevamiwa na chembe nyeupe za damu. Mwaka 1974, mjini London, Gian Franco Bottazzo, Alejandro Florin-Christensen na Deborah Doniach walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa na kuyaweka juu ya vipande vyembamba vya kongosho. Kingamwili zilizokuwamo zilinata kwenye visiwa vya Langerhans na kuonekana kwa rangi inayong'aa chini ya hadubini. Ushahidi ukawa kwamba mwili wa mgonjwa huzitambua seli zake wenyewe kama adui.

Tangu hapo viashiria vimeongezeka. Leo wataalamu hupima kingamwili dhidi ya insulini yenyewe, dhidi ya kimeng'enya kiitwacho GAD, dhidi ya protini ya IA-2 na dhidi ya protini inayosafirisha madini ya zinki, ZnT8. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowafuatilia watoto wa Finland, Ujerumani na Marekani, ulionyesha kuwa takriban watoto 7 kati ya 10 wenye aina mbili au zaidi za kingamwili hizo waliugua kisukari ndani ya miaka 10. Wenye aina moja tu walikuwa na hatari ndogo zaidi. Hivyo ugonjwa huanza kimyakimya, miezi au miaka kabla ya kiu ya kwanza.

Upande wa urithi nao ulianza kufumbuka mwaka huohuo wa 1974, Jørn Nerup na wenzake wa Denmark walipouhusisha ugonjwa huo na jeni za HLA, zilizo katika kromosomu ya 6. Jeni hizi huusaidia mwili kutofautisha kilicho chake na kigeni. Katika jamii zenye asili ya Ulaya, ndugu wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 20 wa kuugua, ilhali kwa mtu mwingine ni takriban 1 kati ya 300. Hata hivyo, wengi wenye jeni hizo hawaugui kamwe, na wagonjwa walio wengi hawana ndugu wa karibu mwenye ugonjwa huo. Hata pacha wa kufanana wa mgonjwa si lazima augue. Urithi huweka hatari, hautoi hukumu.

Ujuzi huo umeanza kuzaa tiba. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha teplizumab, dawa ya kwanza ya kuchelewesha kisukari aina ya kwanza kwa watu ambao vipimo vya kingamwili na sukari vimeonyesha kwamba wako njiani kuugua. Katika majaribio iliahirisha ugonjwa kwa takriban miaka miwili. Kwa mtoto, hiyo ni miaka miwili bila sindano za kila siku.

Afrika nayo imeanza kuongeza ukurasa wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliowahusisha vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliotibiwa kama wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza, uliwakuta takriban theluthi mbili hawana kingamwili hizo, na kwa ujumla hatari yao ya kijenetiki ilikuwa ndogo. Matokeo hayo yanaashiria kwamba wengi wao huenda wana kisukari cha namna tofauti, na kwamba viashiria vilivyopatikana kwa kuchunguza watu wa Ulaya havitoshi kuwaeleza watoto wa bara hili. Kwa sasa dalili za kuangaliwa hazijabadilika: mtoto mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa mara kwa mara na kukonda ghafla anapaswa kupimwa sukari mara moja, kwani kuchelewa kunaweza kugharimu maisha yake.

Langerhans hakuviita visiwa hivyo kwa jina lake, wala hakujua kwamba ndani yake mna uhai wa mamilioni ya watu. Katika miaka miwili ya ujana wake alieleza seli za ngozi zinazoulinda mwili na seli za kongosho ambazo kinga hiyo, inapopotoka, huziharibu. Uhusiano kati ya kinga na visiwa hivyo ulithibitika karne moja baada ya tasnifu yake, na sababu ya kinga kuvigeukia bado inatafutwa katika maabara duniani kote.