Mekatilili: Mjane aliyeipa ngoma ya matanga kazi mpya

MWAKA wa 1913, katika msitu wa Kaya Fungo huko Kaloleni, mjane mmoja wa Kigiriama aliwakusanya wake kwa waume wakala kiapo ambacho serikali ya Mwingereza haikuwa na dawa yake. Mjane huyo ni Mekatilili wa Menza.

Alizaliwa Mutsara wa Tsatsu, sehemu za Ganze, akaitwa Mnyazi. Jina la Mekatilili, yaani mama wa Katilili, alilipata baada ya kujifungua mwanawe wa kwanza. Hakuwa chifu, na mila haikumpa mwanamke kiti katika baraza la wazee wa kaya.

Siku hizo serikali ilidai kodi ya nyumba, tena ikataka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya wazungu. Mwaka wa 1912 Arthur Champion aliletwa kuwasimamia Wagiriama, naye akawategemea wakuu waliowekwa na serikali. Lakini Wagiriama hawakuwa na mfalme. Walikuwa wamekwisha kutawanyika kaskazini kutafuta mashamba, wakaiacha kaya karibu tupu. Watu wa namna hiyo ni vigumu kuwatawala, na ni vigumu vilevile kuwaunganisha.

Mekatilili aliona njia katika kifudu, ngoma ya wanawake ya matanga. Aliicheza kutoka mji hadi mji, na kila ilipochezwa watu walijaa. Wakiisha kujaa, aliwaeleza habari ya wana wao wanaotakiwa na mzungu. Ngoma ya msiba haikuhitaji kibali cha mtu, na nani angethubutu kuwafukuza waliao?

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha kuku. Yasemekana alimwendea Champion na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kimoja. Mama kuku akamdonoa. Ni kisa kitamu, ila kisitusahaulishe kazi kubwa zaidi iliyofanyika kayani.

Huko Kaya Fungo, akiwa na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwarudisha watu kwenye kitovu chao. Wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala cha Fisi: hakuna kulipa kodi, hakuna kutoa vibarua, hakuna kumtii mkuu wa serikali. Viapo vilikuwa vya kale. Kazi vilivyopewa ndiyo iliyokuwa mpya. Wakuu wenyewe wakakiogopa kiapo, na shughuli za Champion zikakwama bila hata mshale mmoja kurushwa.

Oktoba 1913 wawili hao walikamatwa, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarudi Giriama kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita. Agosti mwaka huo serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, ishara kwamba hatimaye ilikuwa imetambua nguvu ya mama huyu ilikotoka. Mekatilili akakamatwa tena. Vita vikazuka, miji ikachomwa moto, na Wagiriama wa kaskazini mwa mto Sabaki wakafukuzwa mashambani mwao.

Hata hivyo, vita vilipokwisha serikali iliwaachia warudi. Mekatilili alirejea mwaka wa 1919, akaongoza baraza la wanawake kayani. Alifariki katikati ya miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini, ng'ambo ile ile ya Sabaki ambayo watu wake walikuwa wameamriwa waihame.