Simba Mwenda Pole: Joginder Singh na Nguvu za Magari ya Leo

Wahenga walinena kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliyofundisha katika shule za Kisii na Nyamira nimeisikia methali hii ikikaririwa katika vyumba vya madarasa jirani, nami, mwalimu wa Fizikia, niliichukulia kuwa pambo la lugha tu. Leo nashika kalamu nikiri kosa langu. Methali hiyo ina ukweli unaoweza kupimwa kwa rula na saa, na shahidi wangu ni marehemu Joginder Singh, mtu aliyekuwa simba kwa jina na kwa vitendo.

Kilichonichochea ni mjadala uliozuka katika chumba cha walimu. Mwenzetu mmoja, mpenzi mkubwa wa magari ya mbio, alijinyima kwa miaka mingi hata akajinunulia gari la milango miwili lenye kunguruma. Asubuhi moja aliingia akiwa amenuna. Alikuwa akipanda mlima kutoka Kisii kuelekea Keroka, akapitwa na gari la kawaida la familia lililosheheni watoto na mikungu ya ndizi. Alilalamika kwamba siku hizi kila gari lina nguvu, na kwamba mtu aliyejinyima ili amiliki gari la mbio hana tena cha kujivunia.

Malalamiko yake hayakuwa ya bure. Huko Marekani, wastani wa nguvu za gari jipya mwaka 1975 ulikuwa nguvu-farasi 137. Siku hizi umepita 250. Magari ya umeme nayo yamezidisha mambo, kwa kuwa gari la kubebea mboga na watoto laweza kuondoka kwa kishindo kilichokuwa zamani haki ya magari ya mashindano peke yake. Hapa kwetu, Toyota Probox inayobeba maziwa alfajiri na abiria mchana, ile yenye injini ya lita moja na nusu, ina nguvu-farasi kati ya 105 na 110. Toyota Mark X ya lita mbili na nusu, ambayo vijana wetu wanaihusudu, imepita 200.

Kabla sijaendelea, wanafunzi wapenzi, tukumbushane maana ya kipimo hiki. Fundi wa Uskoti, James Watt, aliyeishi kati ya mwaka 1736 na 1819, alitaka wateja wake waelewe injini yake ya mvuke ingeweza kuchukua nafasi ya farasi wangapi. Hivyo akaweka kipimo cha kazi ambayo farasi mmoja angeifanya kwa muda fulani. Kwa hesabu za leo, nguvu-farasi moja ni sawa na wati 746, yaani ni kama kuinua mzigo wa kilo 76 hivi kwa urefu wa mita moja katika kila sekunde. Kumbe tangu mwanzo kipimo hiki kilihusu kazi. Hakikuundwa kupima ushujaa wa aliyeshika hatamu.

Sasa nirejee kwa simba wangu. Joginder Singh alizaliwa tarehe 9 Februari mwaka 1932 mjini Kericho, ng'ambo tu ya mpaka wa Nyamira, katika vilima vya chai vinavyofanana na vyetu kama shilingi kwa ya pili. Babake alikuwa amehamia Kenya kutoka Punjab. Jina Singh, ambalo wanaume wa Kisikh hulichukua kwa mujibu wa dini yao, maana yake ni simba. Sisi tuliozoea kuwaita watu wa jamii hiyo Makalasinga hatukujua kwamba mmoja wao angeitwa na taifa zima Simba wa Kenya.

Hakuzaliwa na usukani wa dhahabu mkononi. Alianza kama fundi, akajifunza kazi katika karakana ya babake, mikono ikiwa imeroa mafuta. Mwishoni mwa miaka ya hamsini aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake ikiwa kuzunguka barabarani akiwasaidia madereva waliokwama. Hebu fikiri, msomaji: kabla ya kushindana na yeyote, alishinda barabarani akitazama jinsi magari yanavyoharibika. Alijua ni nati gani hulegea kwanza, ni springi gani huvunjika shimoni, na ni dereva wa aina gani huikaanga klachi yake mlimani. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya upili na chuo kikuu chake.

Mashindano ya Safari yalikuwa yameanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalifanyika katika barabara za kawaida za Afrika Mashariki, za vumbi na matope. Mwaka 1954 Vic Preston na mwelekezi wake D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen aina ya kobe, gari ambalo nguvu zake hazikuzidi sana nguvu-farasi 30. Siku hizi kuna pikipiki zenye nguvu kuliko hizo. Joginder aliingia katika Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959 na akaendelea kushiriki hadi mwaka 1980, mara 22 kwa jumla. Kati ya hizo alifika mwisho mara 19. Nawaomba walimu wenzangu wazitue macho takwimu hizo, kwa maana ni mashindano ambayo mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu yalifaulu kuyamaliza.

Ushindi wake wa kwanza ulikuja mwaka 1965. Gari lake lilikuwa Volvo PV544 kuukuu, ambalo timu ya kiwanda ilikuwa imelitumia katika Safari ya mwaka uliotangulia. Kwa lugha ya sokoni Daraja Mbili, lilikuwa mtumba. Joginder alilikarabati, akamweka nduguye Jaswant kando yake, wakaondoka wakiwa na namba moja ubavuni. Mbele yao palikuwa na mwendo wa kilomita 5,000 hivi. Walipomaliza, walikuwa wamewaacha waliowafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Na gari hilo, la muundo wa michezo, lilipotoka kiwandani lilikadiriwa kuwa na nguvu-farasi kati ya 90 na 95. Hata tukisema mafundi waliongeza chembe hapa na pale, ukweli unabaki pale pale: Probox ya kubebea ndizi kutoka Keroka inakaribiana na bingwa wa Safari wa mwaka 1965, na yamkini inampita.

Mwaka 1974 aliibuka tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer akielekezwa na David Doig. Aliyemaliza wa pili ni Björn Waldegård wa Uswidi, aliyeendesha Porsche 911 Carrera RS, gari ambalo hata lile lililouzwa kwa watu wa kawaida lilikuwa na nguvu-farasi 210. Lancer lilikuwa gari dogo la familia lililoimarishwa kwa mashindano. Porsche ilikuwa na mbio, lakini barabara za Afrika Mashariki ziliitesa, na mtu wa Kericho akafika kwanza. Mwaka 1976 alishinda kwa mara ya tatu, akawa mtu wa kwanza katika historia ya Safari kufanya hivyo, huku magari ya Lancer yakitwaa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Nakumbuka Pasaka ya mwaka huo wa 1976. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na Nyamira ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Kisii. Tulikusanyika kwa jirani mwenye redio, tukasikiliza Sauti ya Kenya ikitangaza nani amepita wapi na nani amekwama. Baadaye tulitoka mbio na magari yetu ya waya, tukiyateremsha kwenye udongo mwekundu uliolowa mvua ya masika, na kila mmoja wetu aligombea kuwa Joginder. Hakuna aliyeuliza gari lake lilikuwa na nguvu-farasi ngapi. Tulichokijua ni kwamba gari lake hufika.

Joginder alistaafu mashindano, na miaka yake ya mwisho aliishi Uingereza. Alifariki jijini London tarehe 20 Oktoba mwaka 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Wengi wa wanafunzi ninaowafundisha sasa hawajapata kulisikia jina lake, lakini majina ya injini za turbo wanayataja kama wanaosoma tasbihi.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi hodari, ambaye jina lake nitalihifadhi kwa heshima ya wazazi wake. Katika mtihani alikokotoa nishati mwendo bila kukosea hata desimali moja. Alijua kwamba kasi ikiongezeka maradufu nishati huongezeka mara nne, na kwamba umbali wa kusimama kwa breki nao huongezeka vivyo hivyo. Alipata kazi nzuri, akanunua gari lililokwishatumika, lenye nguvu zaidi ya 200. Jioni moja ya mvua, akiteremka mlima katika kaunti yetu, alishindwa kukata kona. Nilikwenda mazishini, nikasimama nyuma ya umati, na muda wote nilikuwa nikiuona ule mtihani wake wenye alama za vyema. Nilimfundisha mlinganyo. Sikumwonyesha kwamba mlinganyo ule unakaa pale kwenye kona, chini ya migomba, ukimngoja.

Ndiyo maana namjibu mwenzangu wa chumba cha walimu, na kupitia kwake wapenzi wote wa magari ya mbio, kwamba hawajaibiwa kitu. Kama fahari yao ilikuwa katika namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda, basi fahari hiyo ilikuwa ya kukodi, na ilikuwa lazima siku moja mwenyewe aje kuidai. Injini za leo zina nguvu kwa sababu wahandisi wameboresha upuliziaji wa mafuta, vali, turbo na mota za umeme. Dereva hana jasho lake humo. Jasho lake limo katika kulijua gari, kuisoma barabara, kuchagua gia mapema na kupunguza mwendo kabla ya kona badala ya ndani ya kona. Hayo hayauzwi bandarini Mombasa pamoja na magari.

Isitoshe, milima yetu haidanganyiki. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa hupungua uzito. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na tukipanda kuelekea Keroka tunazidi kwenda juu. Kwa hiyo namba ya kiwandani haitufikii ikiwa nzima hata siku moja. Mwenye kujua hivyo hulipita lori kwa hesabu. Asiyejua hulipita kwa matumaini.

Najua watakaosema kwamba dawa ni sheria. Naiheshimu sheria. Kanuni za marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ziliyafungia matatu vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na kuleta mikanda ya usalama, na kwa muda watu walisafiri bila hofu. Lakini gari la mtu binafsi halina kidhibiti ila dhamiri ya mwenyewe, na dhamiri hujengwa mapema, nyumbani na shuleni.

Walimu wenzangu wa Fizikia, tutoke nje na wanafunzi wetu. Tuwapimie mteremko wa barabara iliyo mbele ya lango la shule, tuwaonyeshe pale gari la kilomita 50 kwa saa litakaposimama, kisha watembee wenyewe hadi pale litakaposimama lile la kilomita 100. Wakifika mwisho wakiwa wamechoka watakuwa wameelewa. Na kijana anayependa magari tusimkemee, bali tumpeleke karakana aanze alikoanza Joginder, chini ya gari, akishika spana.

Nami kila nipitapo barabara ya kwenda Kericho huikumbuka Volvo ile kuukuu iliyowaacha wenzake kwa saa moja na nusu. Probox nyingi hunipita hapo, na kila moja, kwa hesabu za kiwandani, yaweza kumpita bingwa wa mwaka 1965. Naziombea tu zifike, kama alivyokuwa akifika Simba wa Kenya.