SEWA HAJI, MFANYABIASHARA WA NGUO WA BAGAMOYO (1851–1897)

Mwanachama aendaye Tunduma kununua nguo huyakuta majora ya vitenge na kanga yamepangwa dukani hadi darini. Baadhi ya kanga hizo zimepigwa chapa Bara Hindi. Habari ya nguo za Kihindi katika nchi yetu ni ya kale kuliko mpaka wenyewe wa Tunduma, na si rahisi kuisimulia pasipo kumtaja marehemu Sewa Haji Paroo. Wengi hulijua jina lake kwa sababu ya hospitali. Wachache hukumbuka kwamba fedha iliyoijenga hospitali hiyo ilitokana na biashara ya misafara, na kwamba shehena kubwa ya misafara ilikuwa nguo.

Alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa Makhoja Waismailia wenye asili ya Kutch, nchi kavu iliyo pwani ya kaskazini magharibi ya Bara Hindi. Mvua ya huko ni haba, kwa hiyo watu wengi walitegemea kazi za mikono. Wako waliofuma pamba na sufu. Wako waliotarizi na kuzipamba nguo kwa vipande vidogo vya kioo. Na jamii ya Wakhatri ilishika kazi ya kutia rangi. Katika nguo iitwayo bandhani, mfungaji huifinya sehemu ndogo ya kitambaa kwa ncha za vidole, akaifunga kwa uzi, akaenda kwenye sehemu ya pili, na ya tatu, hata yatimie mamia au maelfu ya mafundo. Kisha kitambaa huchovywa rangi, na mafundo yakifunguliwa huonekana vitone mahali palipofungwa. Nguo ya ajrakh hupigwa chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, ikatiwa nili na rangi nyekundu, ikafuliwa na kuanikwa mara nyingi kabla ya kwisha. Tena katika bandari za Kutch, Mandvi na Mundra, walikuwako watia rangi waliotia nili vitambaa vya pamba kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Hiyo ndiyo kaniki waliyoivaa bibi zetu. Na kisutu, ile kanga nyekundu, nyeusi na nyeupe anayopewa bibi arusi wa pwani, wataalamu wengi huona kwamba madoa yake yameiga vitone vya bandhani, ingawa leo hupigwa kwa mashine.

Baba yake, Haji Kanji, alikuwa na duka lililohudumia misafara, na Sewa aliingia katika kazi hiyo mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 18. Bagamoyo ilikuwa mwanzo wa njia kuu ya kwenda Tabora na Ujiji. Nguo siku hizo haikuwa vazi tu, bali ilikuwa fedha. Shuka mbili zilifanya doti moja, yaani karibu yadi nne, na kwa doti msafiri alilipa wapagazi, akanunua chakula, na akatoa hongo kwa watemi aliopita nchini mwao. Merikani kutoka Marekani, kaniki na nguo za rangi kutoka Bara Hindi, shanga na masango ya shaba, vyote vilifungwa mizigo ya frasila mbili hivi, yaani ratili 70, ikapandishwa mabegani mwa watu. Sewa Haji aliuza bidhaa, na pia aliwatafuta watu wa kuzichukua.

Mwaka 1871 alifika H. M. Stanley, aliyekuwa akienda kumtafuta Livingstone. Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Unguja, ndiye aliyempeleka kwa kijana huyu. Baadaye Stanley alimlaumu vikali katika kitabu chake kwamba alizidisha hesabu za wapagazi na za nguo walizolipwa. Stanley hakuwa mtu mpole wa ulimi, na upande wa Sewa haukupata kuandikwa kitabuni. Hata hivyo lawama hiyo yafaa kukumbukwa, maana yaonyesha mahali aliposimama mfanyabiashara wa kati. Mtia rangi wa Mandvi hakuijua bei ya doti yake ilipofika Ujiji; mwenye pembe wa bara hakuijua bei ya pembe yake ilipofika Unguja. Aliyekaa katikati aliweza kuzijua bei zote mbili. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hahitaji kuelezwa zaidi.

Huku kwetu, katika nchi za Wanyiha na Wanyamwanga, nguo za kigeni ziliingia kwa njia nyingine pia, hasa zile za pande za Ziwa Nyasa. Lakini katika bonde la Rukwa zilikuta mafundi. Watu wa bondeni walipanda pamba, wakaisokota kwa mkono na kuifuma kwa vitanda vya mti, na nguo zao zilikuwa nzito na za kudumu. Nguo ya kuagizwa ilikuwa nyepesi na rahisi kupatikana, na hatimaye ufumaji huo ulififia. Mafundi wa Kutch walipata wachuuzi wa kuivusha kazi yao bahari. Wafumaji wa Rukwa hawakupata mtu wa kuwatafutia soko la namna hiyo.

Mwaka 1888 watu wa pwani walipigana na Kampuni ya Wajerumani, na biashara ya Bagamoyo ikavurugika. Amani iliporudi, Sewa Haji alizidi kustawi kwa kupeleka mizigo ya serikali mpya bara. Ndipo alipoanza kutoa. Alitoa jengo la shule Bagamoyo, akitaka watoto wasibaguliwe kwa rangi. Mwaka 1893 aliipa serikali fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Wahindi, watu ambao hospitali ya Wazungu haikuwapokea. Alifariki mwaka 1897, umri wake miaka 46 tu, na katika wasia wake aliacha mali isaidie wagonjwa na maskini.

Kwa maoni yangu hakuwa malaika, wala hakuwa mnyang'anyi. Faida aliyoipata ilitoka mabegani mwa wapagazi, na sehemu yake iliwarudia watu wa nchi hii kwa hiari yake mwenyewe, pasipo sheria kumlazimisha. Hospitali ya Sewa Haji ilitibu watu kwa zaidi ya nusu karne, hadi ilipofunguliwa hospitali mpya mwaka 1956, ambayo sasa ni Muhimbili. Mgonjwa atokaye Songwe akapelekwa huko leo aweza kulazwa katika jengo liitwalo Sewa Haji.