COLIN CHAPMAN, FUNDI WA MOTOKARI NYEPESI



Mtu akitaka motokari iende mbio, wazo la kwanza ni kuongeza nguvu: atafute motere kubwa zaidi, na kama haitoshi aweke turbo. Leo tunataka kueleza maisha ya mtu aliyeanza kwa upande mwingine. Yeye alijiuliza kwanza ni kitu gani kinaweza kuondolewa. Hilo swali lilimpa sifa dunia nzima. Tena ni hilo hilo lililomletea msiba, kama tutakavyoona mbele.

KUZALIWA NA MASOMO

Colin Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 huko Richmond, karibu na London, katika inchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa anasimamia hoteli katika mtaa wa Hornsey. Mwaka 1945 kijana aliingia chuo kikuu kule London. Lakini hakujifunza mambo ya motokari. Alijifunza ujenzi, ni kusema namna ya kupiga hesabu ya madaraja na nyumba kubwa ili zisianguke. Tuangalie jambo hili vizuri, juu maisha yake yote yanatoka hapo. Mjenzi wa daraja anajua kwamba kila chuma lazima kiwe na kazi yake. Chuma kisichobeba kitu ni mzigo tu.

Wakati wa masomo yake, yeye na rafiki mmoja walikuwa wananunua motokari za zamani na kuziuza ili wapate feza kidogo. Mwisho wa mwaka 1947 serikali ikakata petroli ya watu wa kawaida, na bei za motokari zikaanguka mara moja. Chapman akabaki na Austin Seven moja kuukuu, hakuna mtu aliyeitaka. Basi akaivua bodi yote, akaijengea bodi nyingine nyepesi, ndani ya garaji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake Hazel. Ile motokari ya mwaka 1948 ndiyo Lotus ya kwanza.

Katika mitihani ya mwisho alianguka katika hesabu. Alirudia, akapata diploma yake mwaka 1949. Kisha alifanya kazi kidogo katika jeshi la ndege, na baadaye katika kampuni ya aluminiamu. Mwaka 1952, pamoja na mwenzake Michael Allen, akafungua kampuni yake ya Lotus ndani ya zizi la zamani la farasi kule Hornsey, karibu na hoteli ya baba yake. Feza ya kuanzia ilikuwa paundi 25 tu, alizokopeshwa na Hazel. Mwaka 1954 wakaoana.

MOTOKARI YA KUJIUNGANISHIA

Wakati ule, mtu akinunua motokari nzima kule Uingereza alilipa kodi kali. Lakini akinunua vipande na kuviunganisha yeye mwenyewe nyumbani, kodi ile haikumgusa. Chapman akauza motokari kwa vipande: shasi, bodi, magurudumu na vingine. Motere mtu aliweza kuitoa katika Ford ya zamani. Sheria ilikataza kumpa mnunuzi karatasi ya kumwonyesha namna ya kuunganisha. Inasimuliwa kwamba Chapman aliwapa karatasi ya kuonyesha namna ya kufungua, na mtu alisoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo!

Ile shasi ya Lotus Mark VI ilifanywa kwa mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa kama pembetatu, sawa na daraja. Peke yake ilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Wanaume wawili waliweza kuibeba bila taabu. Mwaka 1957 ikafuata Lotus Seven, iliyojulikana kuliko zote. Haikuwa na milango, wala redio, wala kitu cha bure.

Tufanye hesabu kidogo. Lotus Seven ya kwanza ilikuwa na kilo 450 hivi, na motere ya nguvu za farasi 40. Kila farasi mmoja alivuta kilo 11 na robo. Motokari ya kilo 900, ili iwe sawa nayo, inahitaji farasi 80. Kumbe mtu aliyeondoa nusu ya uzito amepata sawa na aliyenunua motere mbili! Zaidi ya hayo, motokari nyepesi inasimama upesi, inakata kona vizuri, na inakula petroli kidogo. Motere kubwa haiwezi kukupa hayo matatu.

USHINDI NA MSIBA

Chapman akaingia katika mashindano makubwa ya Formula 1. Mwaka 1962 alileta Lotus 25, isiyokuwa na shasi ya mabomba. Bodi yenyewe ilibeba kila kitu, kama ganda la yai. Ilikuwa nyepesi kuliko zile za mbele, tena ngumu zaidi. Dereva wake Jim Clark akawa bingwa wa dunia mwaka 1963 na 1965, na katika mwaka huo wa 1965 akashinda pia Indianapolis kule Marekani. Kwa jumla, wakati wa Chapman, Lotus ilipata ubingwa wa watengenezaji mara saba, kuanzia 1963 hadi 1978.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Kipande chembamba kinafanya kazi vizuri mpaka siku kinapovunjika. Mwaka 1960, gurudumu la Lotus ya Stirling Moss lilichomoka huko Spa, Ubelgiji, na yeye akaumia vibaya. Mwaka 1969, katika mashindano ya Barcelona, mabawa ya Lotus mbili yalivunjika siku moja, na dereva Jochen Rindt akaumia. Rindt alimwandikia Chapman barua kumweleza kwamba motokari zake zinaenda mbio sana, lakini vipande fulani lazima viongezwe nguvu, hata kama uzito utaongezeka kidogo. Tarehe 5 Septemba 1970, huko Monza, Italia, mti wa chuma wa breki ya mbele ulivunjika. Lotus ya Rindt ikagonga kizuizi cha kando ya njia, ambacho nacho hakikuwekwa vizuri. Rindt akafa. Mwisho wa mwaka alipewa ubingwa wa dunia akiwa tayari kaburini. Ni yeye peke yake aliyepata ubingwa namna hiyo.

TURBO

Mwaka 1977 Renault ya Ufaransa ilileta turbo katika Formula 1. Turbo yenyewe haikuwa mpya, juu mwinjinia wa Uswisi, Alfred Büchi, alikuwa ameiandikisha tangu mwaka 1905. Moshi moto unaotoka katika motere unazungusha gurudumu dogo lenye mabawa. Hilo linazungusha gurudumu la pili, ambalo linasukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa nyingi inachoma petroli nyingi, na nguvu inapanda. Ni moshi uliokuwa unatupwa bure unaofanya hiyo kazi.

Chapman naye aliukubali werevu huo. Mwaka 1980 kampuni yake ilitoa Lotus Esprit Turbo yenye farasi 210, na ile isiyo na turbo ilikuwa na 160. Hata motokari yake ya mashindano ilitengenezewa turbo ya Renault kwa mwaka 1983. Yeye hakuiona ikishindana.

MWISHO WAKE

Tarehe 16 Desemba 1982 Chapman alikufa kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 54. Aliacha jina kubwa, na deni la heshima pia. Katika kazi ya kutengeneza motokari ya De Lorean, feza zaidi ya dola milioni 17 zilikuwa zimepotea njiani, na sehemu yake ilikuwa ya serikali ya Uingereza. Mwaka 1992 msimamizi wake wa feza alifungwa miaka mitatu. Hakimu alisema wazi kwamba kama Chapman angalikuwa hai, angalifungwa miaka isiyopungua kumi.

KAZI YAKE INAENDELEA

Lotus Seven haikufa. Mwaka 1973 Chapman aliiuzia kampuni ya Caterham haki ya kuitengeneza, na mafundi wengi wanaiga ile namna nyumbani kwao. Wengine wanaweka motere ya pikipiki, juu ni nyepesi na inazunguka mara zaidi ya 10,000 kwa dakika. Wengine wanaongeza hata turbo.

Hapo swali la Chapman linarudi. Motere ya pikipiki tayari inakandamiza hewa sana. Ukisukuma hewa nyingine ndani bila kupunguza ule mkandamizo, mafuta yanalipuka mbele ya saa na pistoni inatoboka. Klachi nayo ilifanywa kwa kuvuta pikipiki na mtu mmoja au wawili, siyo motokari nzima. Basi lazima klachi iongezwe nguvu, na mafuta yapozwe. Kila kilo inayoongezwa inakula sehemu ya faida ya turbo.

FUNDISHO

Wanafunzi wenzangu, sisi tunaofanya fizike tunaweza kujifunza kwa huyu mtu kwamba akili inaweza kushika fashi ya feza. Kijana wa paundi 25 aliwashinda matajiri kwa penseli na hesabu. Lakini tusisahau Rindt. Mbele ya kuondoa kipande, lazima tujue ni nani anayekitegemea. Redio na mlango vinaweza kuondoka. Chuma kinachoshika breki hakiondolewi, wala hakipunguzwi, hata kama saa ya mashindano inatuhukumu. Chapman alijua hesabu ya kilo kuliko watu wote wa wakati wake. Katika hesabu hii ya pili, wengine ndio waliolipa.