Emily Stowe: Mama wa Watoto Watatu Aliyerudi Darasani

Kila muhula mpya utamwona: mama mmoja kiti cha mbele, simu juu ya meza, na kipindi cha jioni kikirefuka anaanza kuangalia mlango. Kuna wenzetu humcheka. Kwa ajili yake nawaletea habari za Emily Stowe wa Kanada.

Alizaliwa 1831 huko Norwich, sehemu ambayo leo ni Ontario. Akawa mwalimu akiwa bado msichana, kisha mwalimu mkuu mjini Brantford. Mwaka 1856 akaolewa na John Stowe, watoto watatu wakafuata. Wa tatu akiwa bado mdogo, baba akashikwa na kifua kikuu. Hapo wengi wetu tungesema basi, mambo yameisha. Emily akarudi kufundisha, akatunza familia, akaamua kusomea udaktari.

Mwaka 1865 aliomba nafasi Toronto, akakataliwa kwa sababu ni mwanamke. Hakukaa kulia mlangoni. Alikwenda New York kwenye chuo cha udaktari cha wanawake, akahitimu 1867.

Na watoto je? Walibaki Kanada mikononi mwa ndugu. Watu hulipita haraka jambo hili, ila mimi naona ndilo zito kuliko yote. Kupiga msuli usiku kucha wengi tunaweza, hasa mtihani ukinukia. Lakini kumwachia mwingine mwanao, na kukubali kwamba peke yako huwezi, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Tuna kina mama wanaoacha chuo kwa kushindwa kuomba msaada, wala si kwa kushindwa masomo.

Alirudi Toronto akafungua kliniki bila leseni. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 yeye na Jennie Trout waliruhusiwa kuhudhuria mihadhara, na wanafunzi wa kiume wakawafanyia vurugu za aibu. Leseni aliipata 1880. Miaka kumi na mitatu ya kungoja, jamani!

Mumewe alipona, akawa daktari wa meno. Binti yao Augusta, aliyeachwa nyumbani akiwa na miaka kama minane, alisoma katika shule ile ile ya Toronto iliyomkataa mama yake. Mwaka 1883 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari ndani ya Kanada. Emily aliishi hadi 1903.